Mizabibu ya Mendoza inapanda mlima: ubora umepatikana, maji yanatoka wapi?

Mwaka 1992 Nicolás Catena, mwenye kiwanda cha mvinyo mkoani Mendoza, Argentina, alipanda mizabibu Gualtallary, wilaya ya Tupungato, kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Msimamizi wa mashamba yake mwenyewe alimwonya kwamba huko juu baridi ni kali mno na zabibu nyekundu hazitaiva. Catena hakusikia. Shamba akalipa jina la binti yake mdogo, Adrianna, na leo mvinyo unaotoka humo ni miongoni mwa mivinyo ghali na yenye sifa kubwa kuliko yote ya Amerika Kusini. Mwaka 2023 kiwanda chake, Catena Zapata, kilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya World's Best Vineyards, inayopanga viwanda vya mvinyo kama mahali pa kutembelea.

Waliofuata nyayo zake ni wengi. Katika miongo mitatu miteremko ya Bonde la Uco, lenye Gualtallary ndani yake, ambayo zamani ilikuwa vichaka vya jangwani na malisho ya mbuzi, imegeuka kijani safu kwa safu. Wakati huohuo, tambarare ya mashariki ya mkoa huohuo wa Mendoza, kwenye wilaya za San Martín, Junín, Rivadavia na Santa Rosa, mashamba ya wakulima wadogo yanaachwa yakauke. Wapo wanaosema mambo haya mawili hayahusiani: wa juu wamefanikiwa kwa akili na mtaji, wa chini wameangushwa na soko. Wapo wanaosema wa juu wanakunywa maji ya wa chini. Nadhani kila upande umeshika sehemu ya ukweli. Catena alikuwa sahihi kupanda mlima. Kosa ni la mkoa mzima kuifanya njia yake kuwa njia ya kila mwenye fedha, bila kupiga hesabu ya maji.

Lazima kwanza tuione Mendoza ilivyo. Mkoa huu upo magharibi mwa Argentina, chini ya milima ya Andes, ndani yake ukiwamo mlima Aconcagua wenye mita 6,961. Mawingu ya Pasifiki humwaga mvua upande wa Chile. Yakishavuka safu ya milima yanakuwa matupu. Mvua ya mwaka mzima Mendoza ni takribani milimita 200, kiasi ambacho hakiwezi kulea mzabibu. Kinachowaweka watu hai ni theluji. Inaanguka milimani majira ya baridi, inayeyuka kuanzia majira ya machipuko, na kushuka kwa mito ya Mendoza, Tunuyán, Diamante na Atuel. Sehemu zinazomwagiliwa hazifiki hata asilimia 5 ya eneo la mkoa. Kwingine kote ni nyika kavu ya vichaka vya jarilla.

Mifereji ilikuwapo kabla ya Wahispania. Watu wa Huarpe walikuwa wakigeuza maji ya mto kuyaingiza mashambani, na jiji lililoanzishwa mwaka 1561 lilijengwa juu ya mtandao huo. Mpaka leo mitaro ya maji, acequias, inapita kandokando ya barabara za mjini ikinywesha miti. Msomaji anayeijua mifongo ya Wachagga pale Kilimanjaro ataelewa upesi: maji ya mlima, mfereji wa pamoja, zamu ya kila shamba, na mtu wa kusimamia zamu hiyo asiyeogopa kugombana na majirani. Mendoza utaratibu huo uliandikwa kuwa sheria mwaka 1884, na chombo chake, Departamento General de Irrigación, bado kinausimamia.

Mvinyo ulikuja juu ya msingi huo. Mwaka 1853 Domingo Faustino Sarmiento, aliyekuja kuwa rais wa Argentina, alihimiza kuanzishwa kwa shamba la mafunzo la Mendoza, na bwana kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, akaleta vipandikizi vya zabibu za kwao, Malbec ikiwamo. Reli kutoka Buenos Aires ilifika mwaka 1885, ikaleta wahamiaji wa Kiitalia na kuondoka na mapipa. Nicola Catena, kutoka Marche, alikuwa mmoja wa wahamiaji hao. Alifika mwishoni mwa karne ya 19 na mwaka 1902 akapanda shamba lake la kwanza la Malbec. Ulikuwa mvinyo wa mezani, wa bei rahisi, wa kunywewa na wenyeji. Na walikunywa kwelikweli: mwaka 1970 hivi, kila Muargentina, mtoto na mzee wakihesabiwa, alikuwa na wastani wa lita 90 hivi kwa mwaka. Leo wastani huo uko chini ya 20.

Takwimu hiyo ndiyo inayoeleza mengi ya yaliyofuata. Watu walipoanza kupunguza unywaji na kugeukia bia na soda, mvinyo ulifurika magodauni. Mwaka 1980 kundi la Greco, lililokuwa limekusanya mikononi mwake sehemu kubwa ya biashara ya mvinyo wa Mendoza, lilianguka pamoja na benki yake na kuwaacha wakulima wengi hawajalipwa. Katika muongo huo mizabibu iling'olewa kwa mamia ya maelfu ya ekari. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ilikuwa na hekta zipatazo 350,000 za mizabibu; mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kama 210,000. Malbec iliathirika kuliko nyingine, kwa sababu inazaa kidogo na bei ilikuwa ileile kwa zabibu yoyote: kutoka hekta 50,000 hivi hadi 10,000. Mizabibu mizee, ambayo leo wangeililia, ilichomwa kuni.

Hapo ndipo Nicolás, mjukuu wa Nicola, anapostahili heshima anayopewa. Alikuwa mchumi mwenye shahada ya uzamivu kutoka Columbia, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikwenda California kama profesa mgeni katika chuo kikuu cha Berkeley. Akazuru Napa, bonde la mvinyo la California, akaona jinsi Robert Mondavi na wenzake walivyothubutu kushindana na Ufaransa. Aliporudi aliuza kampuni ya familia iliyotengeneza mvinyo wa mezani na kubaki na ile ya mvinyo wa daraja la juu. Nchi yenyewe ilikuwa kwenye mfumuko wa bei wa kutisha. Mchumi kuuza biashara yenye wateja na kushika isiyo na wateja, kwa imani kwamba ardhi ya kwao inaweza kutoa kitu ambacho hakijawahi kuonjwa, hiyo ni roho ya ujasiri ambayo sijui wangapi wetu tungekuwa nayo.

Kilichompeleka mlimani ni maneno ya mgeni. Jacques Lurton, mtengeneza mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa, aliuonja mvinyo wake wa zabibu za Cabernet na kusema unamkumbusha mvinyo wa Languedoc. Mwingine angeshukuru. Catena alisikia lawama: Languedoc ni eneo la joto kusini mwa Ufaransa, maana yake mashamba yake yalikuwa kwenye joto kupita kiasi. Kusini zaidi hakutaka kwenda. Akaamua kuitafuta baridi kwa kupanda juu.

Kisayansi hoja yake ni nyepesi. Kwa kila mita 100 unazopanda, halijoto hushuka kama nyuzi 0.6. San Martín, mashariki, iko mita 650 hivi. Gualtallary iko mita 800 juu zaidi. Tofauti ni takribani nyuzi 5, na kwa mzabibu huo ni ulimwengu mwingine. Zabibu huiva taratibu, usiku wa baridi huhifadhi ukali wake, na harufu haziungui na jua. Papo hapo, jua la mwinukoni lina mionzi mikali, hivyo ganda la zabibu huongeza unene kujikinga, na kwenye ganda ndiko rangi na ladha ya mvinyo mwekundu zinakokaa. Ndiyo maana Malbec ya Gualtallary inaweza kuwa nyeusi kama wino na bado ikawa nyepesi mdomoni, ina harufu ya maua ya urujuani na majani ya mlimani, na inaacha ulimi ukitamani funda jingine.

Udongo nao una kisa chake. Miteremko hiyo imejengwa na mawe na mchanga ulioshushwa na maji ya milimani kwa maelfu ya miaka, na chokaa imejipaka juu ya mawe kwa namna tofauti kila hatua. Ndani ya shamba la Adrianna peke yake Catena wanatenganisha vipande na kuvitengenezea mvinyo mbalimbali: White Bones na White Stones za zabibu nyeupe za Chardonnay, River Stones na Fortuna Terrae za Malbec. Alejandro Vigil, mkuu wa utengenezaji tangu mwaka 2002, kitaaluma ni mtu wa udongo, na hilo linaonekana katika kila uamuzi wao. Kusema kweli, kuna viwanda vinavyotumia maneno ya mwamba na udongo kama pambo la lebo. Hapa wamechimba mashimo wakaangalia.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wahenga walisema. Familia hii imesifiwa kwa miaka thelathini na bado chupa zao za bei ya kati, zinazotengenezwa kwa kuchanganya zabibu za miinuko mbalimbali, zina uaminifu uleule. Hilo nalikubali bila kinyongo.

Binti mkubwa, Laura Catena, aliyesomea biolojia Harvard na udaktari Stanford, na aliyefanya kazi miaka mingi katika idara ya dharura ya hospitali huko San Francisco, alianzisha mwaka 1995 taasisi ya utafiti inayoitwa Catena Institute of Wine. Mwaka 2021 watafiti wake walichapisha kazi kubwa kuhusu Malbec. Walichukua zabibu za vipande 23 vya mashamba kote Mendoza kwa mavuno ya mwaka 2016, 2017 na 2018, wakatengeneza mvinyo kwa njia moja, wakapima kemikali zake. Waligundua kwamba mwaka wa mavuno unaacha alama inayotambulika, na kwamba baadhi ya vipande vina alama yake inayojirudia mwaka hadi mwaka. Dhana iliyokuwa imani ya wanywaji ikapata ushahidi.

Mtu anaweza kusema taasisi ni ya kiwanda, kwa hiyo ina maslahi. Ni kweli, lakini kazi ilipitiwa na wanasayansi wengine na kuchapishwa hadharani, na mimi naiamini. Ninachopinga ni namna inavyotumiwa. Utafiti ulithibitisha kwamba mahali huacha alama. Haukuthibitisha kwamba mahali pa juu ni bora kuliko pa chini. Lakini sokoni hayo mawili yameunganishwa: idadi ya mita inaandikwa kwenye lebo kama vile cheo, mita 1,400 ikimzidi mwenye 900, na mwenye 650 asithubutu hata kuitaja. Lugha hiyo ndiyo inayoendesha uwekezaji, na uwekezaji ndio unaochimba visima.

Wawekezaji walikuja kwa mawimbi. Kuanzia mwaka 1991 fedha ya Argentina ilifungwa kwenye dola ya Marekani, jambo lililorahisisha kuagiza mitambo na miche kutoka nje. Waholanzi wa kiwanda cha Salentein wakaingia Bonde la Uco. Mwaka 1998 Mfaransa Michel Rolland, mtaalamu wa mvinyo, na wenzake kutoka Bordeaux wakaanzisha mashamba ya Clos de los Siete huko Vista Flores. Mwaka 1999 wamiliki wa Château Lafite Rothschild, kiwanda maarufu cha Bordeaux, wakaungana na Catena kuanzisha kiwanda cha CARO. Mwanzoni mwa mwaka 2002 peso ilianguka vibaya, wananchi wakaumia, lakini mvinyo wa Argentina ghafla ukawa rahisi kwa mnunuzi wa New York na London. Malbec ikapaa. Leo imerudi kuzidi hekta 40,000.

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Bonde la Uco, linalojumuisha Tupungato, Tunuyán na San Carlos, limepata ajira, barabara, hoteli, vijana waliosoma wanaorudi nyumbani badala ya kuhamia Buenos Aires. Hewa kavu inapunguza ukungu, hivyo dawa zinazopuliziwa ni chache kuliko Bordeaux. Dunia inapoendelea kupata joto, kupanda juu ni njia halali ya mkulima kujiokoa. Na wanasema, kwa fahari, kwamba wanamwagilia kwa matone: bomba jembamba linapita chini ya kila mstari na kila mzabibu unapewa kinywaji chake, wakati mkulima wa bondeni bado anafungulia maji yajae mtaroni na nusu yake kuzama ardhini bila kuguswa na mzizi.

Hoja hii ya mwisho ndiyo nataka tukae nayo, kwa sababu ndiyo inayotajwa mara nyingi na ndiyo inayochunguzwa kidogo kuliko zote.

Haki za maji ya mito ya Mendoza ziligawiwa zamani, na chini ya sheria ya 1884 haki hiyo imefungwa kwenye ardhi. Huwezi kuuza maji ukabaki na shamba, wala kununua maji ya mtu wa San Martín ukayapeleka Gualtallary. Aliyepanda mlimani miaka ya 1990 alikuta mto umeshagawiwa, na mara nyingi hakuna mfereji unaofika mteremkoni kwake. Alichoweza ni kuomba kibali cha kisima na kuchimba, mara nyingine zaidi ya mita mia moja kwenda chini. Bila kisima na bila matone, Bonde la Uco la leo lisingekuwapo.

Swali ni hayo maji ya chini yanatoka wapi na yalikuwa yakienda wapi. Yanatoka kwenye theluji ileile. Mito inapotoka milimani na kugusa changarawe za mteremko, sehemu ya maji inazama na kulisha akiba ya ardhini. Akiba hiyo inasafiri polepole kuelekea bondeni, na sehemu ya chini ya Bonde la Uco inatokeza tena kama chemchemi na vijito. Vijito vinaungana na mto Tunuyán. Mto Tunuyán unaingia bwawa la El Carrizal, lililoanza kazi mwaka 1971. Na bwawa la El Carrizal ndilo linalogawa maji kwa San Martín, Junín, Rivadavia, Santa Rosa na La Paz. Ukiifuata njia hii kwa kidole kwenye ramani, huwezi tena kusema wa juu na wa chini hawahusiani. Wanakunywa kutoka mtungi mmoja, ila mmoja wao ameketi karibu zaidi na mdomo wa mtungi.

Sasa rudi kwenye matone. Ni kweli kwamba shamba la matone linatumia maji machache kwa kila hekta. Lakini maji yale "yanayopotea" kwenye mtaro wa mkulima wa zamani hayakuwa yote yamepotea. Mengi yalizama, yakarudi kwenye akiba, yakamfikia mtu wa chini. Maji ya matone yanaishia karibu yote kwenye majani na kupaa hewani. Halafu anayeokoa nusu ya maji kwa hekta moja, mara nyingi hupanda hekta ya pili. Kiwandani hesabu inaonekana safi. Ukiipiga kwa mto mzima, akiba inaweza kupungua huku kila mmoja akiamini anabana matumizi.

Upande wa utetezi una majibu mawili ya haki. Kwanza, mizabibu haiko peke yake Bonde la Uco: kuna viazi, vitunguu saumu, mipichi na jozi, na vyote vinanyonya. Kumlaumu mtu wa Malbec peke yake ni uonevu. Pili, mashariki hakukauki kwa sababu ya maji tu. Zabibu za kule, Criolla, Cereza na Bonarda zinazotandazwa kwenye vichanja, zililisha ule unywaji wa lita 90 ambao haupo tena. Mwaka 1994 mikoa ya Mendoza na San Juan iliingia makubaliano ya kugeuza sehemu ya zabibu kuwa maji mazito ya zabibu ya kutia utamu vyakula na vinywaji, ili kuondoa mvinyo wa ziada sokoni. Mkulima anayevunia mtambo wa maji hayo mazito anapata bei ambayo mara nyingi haimlipi gharama ya kuvuna. Hata ukimfungulia mto mzima, bei hiyo haitapanda.

Nayakubali majibu yote mawili, lakini hayamalizi kesi. Tangu mwaka 2010 theluji ya Andes ya kati imekuwa pungufu kwa miaka mingi, ukame ambao wanasayansi wa Chile na Argentina wanauita ukame mkuu. Katika hali hiyo mwenye kisima kirefu na fedha za umeme wa pampu anavuka. Mwenye zamu ya mfereji anangoja zamu inayofupishwa. Ukame uliotakiwa kugawanywa sawa unagawanywa kwa uwezo wa mfuko. Sheria ya 1884 iliutazama mto, ikauwekea zamu, ikamlinda mdogo dhidi ya mkubwa. Visima vilikuja baadaye vikiwa na sheria zake za miaka ya 1970, na serikali imewahi kuzuia visima vipya katika maeneo yaliyoelemewa, lakini roho ile ya zamu haijawahi kuingia ardhini kama ilivyoingia mferejini.

Kuna pia watu ambao hawaingii kwenye hesabu ya chupa. Kwa vizazi kadhaa mizabibu ya Mendoza ililelewa na wanaoitwa contratistas, familia zinazoishi shambani mwa tajiri, zikipata malipo ya mwezi pamoja na sehemu ya mavuno, kwa haki zinazotambuliwa na sheria. Baba alipogoa, mama na watoto walifunga matawi, na ujuzi wa kila mzabibu ulikaa nyumbani. Mashamba makubwa ya mteremkoni yanaendeshwa na vibarua na wahandisi. Sidai kwamba maisha ya contratista yalikuwa ya raha. Ila alikuwa na hisa katika zabibu, na kibarua hana.

Lakini hoja inayonigusa kuliko zote inatoka ndani ya historia ya Catena wenyewe. Baba yake Nicolás, Domingo, aliamini Malbec kuliko mwanawe. Familia ilikuwa na shamba Lunlunta, Maipú, lililopandwa miaka ya 1930 na kupewa baadaye jina la mama, Angélica Zapata. Liko kama mita 920, kando ya mto Mendoza, na linanyweshwa kwa mfereji. Nicolás alipotaka kujua Malbec inaweza kufika wapi, hakuwa na vipandikizi bora vya kuagiza Ufaransa, kwa sababu kule Malbec ilikuwa imedhoofishwa na wadudu wa mizizi katika karne ya 19, na baridi kali ya mwaka 1956 ikaua sehemu kubwa ya iliyobaki Bordeaux. Alilazimika kurudi Angélica. Wakachagua zaidi ya mizabibu mia moja iliyo tofauti, wakaipanda kwa majaribio, wakachuja iliyo bora, na hiyo ndiyo iliyopelekwa juu.

Kwa hiyo utajiri wa mlimani ni mtoto wa shamba la chini ambalo halikung'olewa miaka ya 1980 wakati jirani zake waling'oa. Angélica ingeuawa na kiu au na bei, Malbec maarufu ya Gualtallary ingekosa mbegu. Na hapa nawageukia wanaosema mashariki iachwe ife kwa sababu soko limeamua: miaka ya 1980 soko lilikuwa limeamua pia, likaihukumu Malbec kuwa kuni. Nani leo ana uhakika kwamba vichanja vya Criolla vya Santa Rosa, ambavyo baadhi ya watengenezaji vijana wameanza kuvirudia kwa mvinyo mwepesi wa kunywa ukiwa baridi, havitahitajika kesho? Tena Criolla inavumilia joto. Katika dunia inayopata joto, kutupa mizabibu inayovumilia ili kukimbilia baridi inayopungua ni hesabu ya mtu asiyetazama mbele.

Watu wa Mendoza wamewahi kuonyesha wanavyoyathamini maji. Mwaka 2007 mkoa ulipitisha sheria namba 7722 inayozuia sianidi, zebaki na asidi ya salfuriki katika uchimbaji wa madini. Desemba 2019 wabunge waliilegeza kwa sheria nyingine, na katika siku chache maelfu ya watu walijaa barabarani, San Carlos ya Bonde la Uco ikiwa mstari wa mbele, mpaka gavana na bunge wakarudi nyuma na kuifuta. Wapanda zabibu walikuwa sehemu ya sauti hiyo. Walisema maji ya Mendoza hayauzwi. Nasimama nao. Lakini aliyesema hivyo mbele ya mgodi anapaswa kukubali kipimo kilekile mbele ya pampu yake, maana kisima hakigeuki kitakatifu kwa kuwa kinanywesha mzabibu.

Kwa hiyo sitaki mizabibu ya Adrianna ing'olewe, wala simshauri mtu yeyote aache kunywa Malbec ya mlimani. Yaliyokwisha kupandwa kwa kibali halali yaachwe yazae. Ninachoona kinastahili ni kwamba hekta mpya za mteremkoni zisiruhusiwe mpaka ijulikane zinachukua maji kiasi gani kutoka mto wa Tunuyán, si kutoka bomba la shamba tu. Kwamba kila kisima kiwe na mita ya kupimia maji na namba zake zisomwe na mwenye zamu wa San Martín kama anavyosoma ubao wa zamu yake. Na kwamba miaka ya theluji haba pampu zipunguzwe kwa kiwango kilekile ambacho mifereji inapunguzwa.

Catena Zapata hawana mamlaka ya kuyaamuru hayo. Wana kitu kingine. Wana taasisi iliyoweza kuchukua vipande 23 vya ardhi, ikavifuata kwa mavuno matatu, ikatofautisha mvinyo wa kipande kimoja na jirani yake kwa kemikali zisizoonekana kwa jicho. Walishiriki pia kuandaa mwongozo wa uendelevu unaofuatwa na viwanda vingi vya nchi hiyo. Taasisi yenye uwezo huo inaweza kupima akiba ya maji chini ya Gualtallary, kufuatilia inavyosafiri hadi chemchemi za Tunuyán na bwawa la El Carrizal, na kuchapisha matokeo hadharani hata kama hayatapendeza, kama ilivyofanya kwa Malbec. Wakulima wa Junín na Rivadavia wangeipokea kazi hiyo kesho asubuhi.